Taa za pikipiki ziwake hata mchana: jinsi ya kuziunga bila kuua betri

Mhudumu wa bodaboda anayetoka Mutomo kwenda Ikutha saa sita mchana haoni sababu ya kuwasha taa. Barabara anaiona vizuri. Tatizo ni dereva wa lori anayemjia kutoka upande wa Kibwezi. Kwake, pikipiki nyeusi iliyobeba mtu aliyevaa koti jeusi ni doa dogo kwenye lami inayometameta kwa joto. Dereva anayetaka kulipita gari lililo mbele yake hutafuta kitu kikubwa kinachomjia, asipokiona, anatoka. Anapolitambua lile doa, mara nyingi huwa limeshafika karibu mno.

Kwenye barabara zetu za murram hali ni mbaya zaidi. Lori likipita njia ya Zombe wakati wa kiangazi, vumbi hubaki hewani muda mrefu na pikipiki inayofuata humezwa humo. Majirani zetu wa Makueni wana shida yao kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei barabara inaelekea kusini mashariki, kwa hiyo asubuhi, hasa mwezi wa Desemba, jua humpiga machoni dereva anayekwenda Mombasa. Jioni, hasa Juni na Julai, humpiga anayerudi Nairobi. Mtu wa pikipiki anayeingia barabarani kutoka Emali au Makindu saa hizo asidhani ameonekana kwa sababu tu yeye ameliona gari.

Taa inayowaka mchana inasaidia, na hilo limepimwa. Malaysia iliwalazimisha waendesha pikipiki kuwasha taa mchana kuanzia 1992, na watafiti waliofuatilia ajali katika miji ya Seremban na Shah Alam walikuta kwamba zile zinazotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa 2004, ulionyesha kuwa waliowasha taa mchana walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 27, na waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi mwanga, chini kwa asilimia 37. Kwa hiyo ile jaketi ya kuakisi mwanga inayofungwa kwenye usukani ili polisi waione tu ingefaa zaidi ikivaliwa. India, wanakotengeneza pikipiki nyingi tunazotumia hapa, iliagiza kuwa kuanzia Aprili 2017 pikipiki mpya zinazouzwa huko taa yake ya mbele iwake yenyewe injini ikiwaka.

Kabla ya kununua chochote, anza na taa uliyo nayo. Wengi huizima wakiogopa kumaliza betri. Washa injini, washa taa kubwa, kisha acha injini ingurume polepole. Mwanga ukififia na kupanda kadiri unavyovuta mafuta, na kuzimika kabisa injini inapozimwa, taa hiyo inalishwa na koili ya injini moja kwa moja. Haili betri yako hata kidogo. Iache ikiwaka kutwa. Gharama yake ni balbu moja kila baada ya muda.

Anayetaka kuongeza taa mbili ndogo za LED achague za wati 10 kila moja, si zaidi. Zikiwa mbili ni wati 20, na kwenye umeme wa volti 12 zitavuta karibu ampea 1.7. Ukiziunga moja kwa moja kwenye betri ya ampea-saa 5 na kuzisahau usiku, betri itakuwa imekwisha ndani ya saa tatu hivi. Hapo ndipo lawama za "taa zinaua betri" zinapotoka. Kinachoua betri ni namna zilivyoungwa.

Njia sahihi ni kutumia rilei, kile kijisanduku cha miguu minne chenye nambari. Waya mnene unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi ya ampea 5 iliyowekwa karibu kabisa na betri, kisha unaingia mguu wa 30. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 85 unaungwa kwenye hasi ya betri, na wa 86 kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Rangi za nyaya hutofautiana, kwa hiyo fundi aupime waya huo kwa mita, asikisie. Ukigeuza ufunguo taa zinawaka. Ukiutoa zinazima, na hakuna swichi ya kusahau. Fundi akikwambia fyuzi si lazima, tafuta fundi mwingine. Waya uliochubuka pale shingoni, usukani unapozungukia, uko karibu sana na tangi la petroli.

Zifunge chini kwenye gadi, moja kila upande, kwa urefu sawa. Taa moja peke yake usiku haimwambii dereva kama uko mita 50 au 200, na anaweza kudhani ni gari lililoungua taa moja. Tatu zikikaa kama mafiga, umbali unakadirika kwa urahisi zaidi.

Kisha zilenge. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umeipanda na abiria nyuma, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua taa za mbele. Katikati ya mwanga iangukie sentimita 5 hivi chini ya urefu wa taa yenyewe. Taa ya kumpofusha dereva ni hatari kuliko kukosa taa. Mbele weka mwanga mweupe usiometameta. Nyekundu ni ya nyuma, na za buluu za kumeta waachie polisi. Futa vumbi kwenye taa ya nyuma pia.

Taa haziondoi wajibu mwingine. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 103B, inataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja.

Kwa wanaolipia pikipiki kwa mkopo: nyingi zimefungwa kifaa cha kufuatilia kilichounganishwa na nyaya za betri. Soma mkataba, au ulize aliyekukopesha, kabla ya fundi kukata waya wowote.