Kaburi la Shekhe Uways, Biyoley

Wazee wetu wa Barawa na Unguja walilijua vyema jina la Shekhe Uways bin Muhammad, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Barawa mwaka 1847, akasoma Baghdad, alikozikwa Shekhe Abdulkadir Jilani, akarejea na tarika ya Kadiria, akaieneza hadi Unguja. Mwaka 1909 wafuasi wa Muhammad Abdille Hassan, waliopinga kutawasali kwa mawalii waliokufa, walimvamia kijijini Biyoley wakamuua. Huko ndiko alikozikwa, na kaburi lake likawa mahali pa ziara.

Basi vijana wetu wabishanapo leo juu ya ziara, tuwakumbushe kuwa khitilafu hii ni ya kale, na imekwisha kumwaga damu ya Waislamu. Tujadiliane kwa hoja na adabu.