"Must have" ilivyokaribia kumtoa bawabu kazini

Jioni ya Jumapili moja kijana wa kwetu, mzaliwa wa Likoni, alibisha hodi kwangu Buruburu akiwa na karatasi mbili zilizokunjwa mfukoni. Moja aliiandika mwenyewe. Ya pili aliandikiwa na kampuni ya ulinzi iliyomwajiri. Hata chai sijamkaribisha, akasema, "Ami, hebu nisomee. Mimi hapa nimesema nini, hata wakaniona nimekubali kosa?"

Nimefundisha Kiingereza katika shule za Eastlands kwa zaidi ya miaka ishirini, na mpaka leo watoto wa majirani hujaa sebuleni kwangu wakati wa mitihani. Makosa ya sarufi nimeyaona ya kila aina. Lakini kosa la sarufi linalomkata mtu mshahara lilikuwa geni kwangu. Nimeona nilieleze hapa kwa watu wa nyumbani, maana vijana wetu wanaopanda basi kuja Nairobi kutafuta riziki ni wengi, na siku ya kuandikishwa maelezo huwa hawana mtu wa kuwasomea.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana analinda ploti ya ghorofa kule Umoja. Anayezijua estate zetu za Eastlands anajua kuwa maji ni ya mgao, na siku ya mgao mfereji unaweza kukohoa hewa tu. Hapo huitwa lori la maji, na lori huja wakati wake, si wakati wako. Usiku ule lilifika saa tisa. Msimamizi wa ploti akampigia kijana simu: fungua geti. Mpira wa maji ulitoka kwenye lori, ukapita getini, ukaenda hadi kwenye tangi lililochimbiwa nyuma ya jengo. Geti halifungiki juu ya mpira. Kijana akaenda kusimama kwenye tangi kuangalia lisifurike. Lori lilipoondoka, pikipiki ya mpangaji mmoja haikuwepo.

Asubuhi akaitwa ofisini, akapewa kalamu, akaambiwa aandike yaliyotokea, kwa Kiingereza. Katikati ya maelezo yake ziko sentensi tatu, nazinakili kama zilivyo:

"I must have left the gate open. The thief must enter when I was at the tank. The water people must not steal it."

Nilimuuliza alikusudia kusema nini. Akanijibu kwa Kiswahili safi: "Ilikuwa lazima niache geti wazi. Mwizi, lazima aliingia nikiwa kwenye tangi. Na wale watu wa maji, haiwezekani kuwa ndio walioiba, maana wote watatu nilikuwa nawaona."

Angalia sasa alichokiandika katika sentensi ya kwanza. Mwenye kujua Kiingereza akisoma "I must have left the gate open" anaelewa hivi: nitakuwa niliacha geti wazi, sikumbuki vizuri, lakini kwa dalili ninazoziona, ni mimi. Kijana alitaka kusema alilazimika. Karatasi ikasema alisahau. Na yule aliyeisoma ofisini hakukosea kusoma. Hilo ndilo lililoniuma.

Chanzo cha mkorogo huu ni neno letu la "lazima". Shuleni tulifundishwa kuwa "must" ni lazima, tukaandika ubaoni, tukaendelea na mengine. Ila lazima ya Kiswahili inafanya kazi mbili. Nikikwambia "lazima uende kesho," nakuamuru. Nikikutazama macho mekundu nikasema "lazima umechoka," sikuamuru kitu. Nakisia, tena kwa nguvu. Wazee wa Pwani wana njia ya kuzitenganisha. Kwenye amri husema "sharti uende". Hutamsikia mtu akisema "sharti umechoka". Na kwenye kukisia wanatumia njia ambayo wageni wanaojifunza lugha yetu huwatatiza: wakati ujao. "Usimpigie simu saa hizi, atakuwa amelala." Kulala kumekwisha tokea, lakini tunasema "atakuwa", kwa sababu hatujamwona, tunapima tu kwa saa na kwa mazoea yake.

"Must" ya Kiingereza nayo ina kazi hizo hizo mbili, madhali tunazungumza ya sasa. "You must go" ni amri. "You must be tired" ni kisio: utakuwa umechoka. Mpaka hapo sisi na wao tuko sawa. Tatizo linaanza tukirudi nyuma kwenye yaliyopita, kwani huko Kiingereza kinazigawa njia. Wajibu wa jana huitwa "had to". Kisio la jana huitwa "must have", likifuatwa na kitenzi cha umbo la tatu: left, gone, taken, been. Kwa hiyo sentensi ya kijana ilipaswa kuwa "I had to leave the gate open", na hapo angeongeza sababu: mpira wa maji ulikuwa umepita getini na msimamizi ndiye aliyeagiza.

Watoto wangu wa sebuleni nawapa kipimo kimoja. Kabla hujaandika "must have", sema jambo lako kwa Kiswahili bila kutumia lazima. Ukijikuta umesema "ilibidi" au "ilinipasa", andika "had to". Ukijikuta umesema "atakuwa", basi "must have" ndiyo mahali pake. Kinafanya kazi karibu kila mara.

Sentensi ya pili ya kijana ilikosa kidogo tu. Mwizi "atakuwa aliingia" wakati ule, basi ni "The thief must have entered". Alivyoandika yeye, "must enter", yasikika kama mwizi amepangiwa zamu.

Lakini hapa pana jambo kubwa kuliko umbo la kitenzi, nalo ni uzito. Kiingereza kina daraja za kukisia, na kila daraja ina neno lake. Ukiwa na dalili nzito, unasema "must have". Ukiwa huna dalili ya kukupeleka huku wala kule, unasema "may have", "might have" au "could have": huenda, labda, pengine, yamkini. "The thief may have come with the lorry" maana yake huenda alikuja nyuma ya lori. Sisemi ndivyo, sisemi sivyo. Kati ya "may" na "might" watu wengi hawaweki tofauti kubwa, ila "might" ina shaka kidogo zaidi, na ina hila yake: "He might have died" yaweza kuwa huenda amekufa, na yaweza pia kuwa angalikufa, lakini alinusurika. Ukiandika habari ya mtu aliyepata ajali na hali yake huijui, tumia "may have". Nduguye asije akafurahi bure, au akalia bure.

"Could have" nayo ina nyuso mbili. "Someone could have copied the key" ni kisio: huenda mtu alichonga ufunguo wa pili. Lakini "You could have called me" ni lawama: ungeweza kunipigia simu, na hukupiga. Sisi tuna -nge- na -ngali- za kubeba hilo la pili, na huenda na yamkini za kubeba la kwanza, kwa hiyo hatuyachanganyi. Mwingereza analazimika kutazama maneno yaliyozunguka ndipo ajue analaumiwa au anashirikishwa mawazo.

(Eastlands kwenyewe kuna kisio cha kienyeji ambacho hakimo katika kitabu chochote nilichofundishia: "inakaa". Kijana wa Umoja akisema "inakaa alilala", maana yake yaonekana alilala. Miaka yangu ya kwanza hapa nilikuwa nikiuliza, inakaa wapi?)

Nirudi kwenye sentensi ya tatu, "The water people must not steal it". Kijana alitaka kuwatetea. Alijua "must" ni yakini, akafikiri akiongeza "not" atapata yakini ya kukanusha. Mantiki ni nzuri, ila Kiingereza hakikuifuata. "Must not" ni katazo: wasiibe. Kinyume cha "must" ya kukisia ni "can't". "He must be at home" ni atakuwa nyumbani. "He can't be at home" ni haiwezekani awe nyumbani, mbona taa zimezimwa. Kwa yaliyopita ni "can't have" au "couldn't have". Kwa hiyo: "The water people can't have stolen it, because I could see all three of them." Kwa vile alivyoandika, aliyesoma alidhani anawakumbusha watu wa maji amri za Mwenyezi Mungu.

Sasa nifungue karatasi ya pili, jibu la kampuni. Ilikuwa fupi. Ilisema amekiri mwenyewe kuacha geti wazi, kwamba "You must have been asleep at the time", na kwamba thamani ya pikipiki itakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara huku wakifikiria kumwachisha kazi. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. "Ami, wameandika nililala. Na wameandika must."

Nikamwambia, mwanangu, hiyo must ndiyo ya kukusaidia.

Maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa, hata sisi walimu. Tunadhani "must have" ndiyo kauli nzito kuliko zote. Si kweli. Juu yake iko kauli tupu isiyo na kisio chochote: "You were asleep." Aliyekuona umelala hana haja ya must. Anasema ulikuwa umelala, akataja saa na mahali. Anayesema "you must have been asleep" anakiri bila kujua kwamba hakukuona. Amejumlisha geti lililo wazi na pikipiki iliyopotea, akapata usingizi. Kwa Kiswahili angesema "utakuwa ulilala", na hapo hapo mtu yeyote wa Pwani angemuuliza: wewe ulimwona?

Wengi wetu tuna binti au dada anayefanya kazi Ghuba, na tunajua jumbe za Kiingereza za mawakala. Ukiandikiwa "She must have changed her number", usiwaambie watu nyumbani kwamba amebadilisha namba. Umeambiwa kwamba wakala hajui aliko, na anakisia.

Tukakaa na kijana hadi karibu na saa nne usiku, tukaandika maelezo mapya. "Had to" palipokuwa na wajibu. "May have" kwenye yale asiyoyajua. "Can't have" mara moja tu, na sababu yake. Na yale aliyoyaona kwa macho yake, kauli tupu: lori lilifika, msimamizi alipiga simu, nilikuwa kwenye tangi. Simu yake ilikuwa bado imehifadhi ule mwito wa saa tisa usiku.

Nilimwambia jambo jingine ambalo halihusu sarufi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wakati wa maelezo hayo. Na Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Kwa nini basi bawabu wa Likoni, anayelinda nyumba ya watu wanaozungumza Kiswahili, chini ya msimamizi aliyempigia simu kwa Kiswahili, aandikishwe kwa Kiingereza ndipo aaminike? Mimi mkate wangu nimeulia kwenye Kiingereza na bado sijaona sababu.

Alikwenda na mlinzi mwenzake. Akaomba kuzungumza Kiswahili, akakubaliwa. Akatoa maelezo mapya, akaonyesha simu, kisha akauliza lile swali moja, kwa upole kama nilivyomsihi: ni nani aliyeniona nimelala? Hakutajwa mtu. Msimamizi alipoulizwa kuhusu simu ya saa tisa alikubali kwamba alipiga.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa ploti nyingine, upande wa Tena, na makato yakasimamishwa. Yale ya mwezi wa kwanza yalikuwa yamekwisha katwa, na hadi naandika haya hayajarudishwa; aambiwa asubiri.

Wiki iliyopita tulikutana Pumwani baada ya sala ya Ijumaa, akanipa salamu za mamake. Usiku wake akaniletea ujumbe kwenye simu: "Ami, the water lorry must have broken down. Tangi bado tupu."

Nikamwandikia, umeliona limeharibika, au wahisi?

"Nahisi tu."

Basi umeandika sawa, nikamjibu. Na geti?

"Nimelifunga. I had to."