Simiyu, Kinara Asiyetajwa

Juni 2025 macho ya nchi nzima yalikuwa Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa linafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, na kila kituo cha redio kilitukumbusha kwamba hakuna refu kama hilo Afrika Mashariki na Kati. Nililifurahia kwa moyo wote. Lakini nilitamani robo tu ya muda ule wa hewani ipande basi, ipite Magu na Lamadi, ifike Bariadi, kwa sababu huku nako tuna mambo ambayo hakuna mkoa unaotufikia.

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam mkoa wa Simiyu, mara nyingi atauliza kama si Shinyanga ile ile. Ilikuwa hivyo hadi 2012, ilipoundwa mikoa minne mipya kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu, Itilima ikapata wilaya yake, na Bariadi ikawa makao makuu. Geita ilijulikana kwa dhahabu ya manjano. Sisi tuna nyeupe.

Simiyu ndiyo kinara wa pamba Tanzania. Ukiona nguo, mafuta au mashudu ya ng'ombe yaliyotokana na pamba ya Tanzania, kuna uwezekano mkubwa kwamba safari yake ilianzia shambani Itilima, Maswa au Bariadi. Rekodi ya taifa ni ya msimu wa 2005/06, zaidi ya tani 376,000, na sehemu kubwa ya mzigo ule ilitoka vijiji ambavyo leo ni vya Simiyu, wakati huo bado vikihesabiwa ndani ya Shinyanga.

Rekodi hiyo huandikwa kwa tani, lakini pamba yetu huchumwa kwa vidole. Kitumba kikipasuka, magamba yake hukauka na kuwa na ncha kali, na mchumaji asiyezoea hurudi nyumbani na damu kwenye kucha. Mzigo ukifika nyumbani haujawa pamba ya kuuza. Mama na watoto huumwaga kwenye turubai kivulini, wakatenga safi na fifi: iliyochafuliwa na wadudu huku, nyeupe kule, vipande vya majani makavu vikitolewa kimoja kimoja. Ndipo iende kwenye mizani ya AMCOS, ushirika wa wakulima. Na pale kwenye mizani ndipo roho huuma. Mwaka 2022 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka uliofuata ikawa 1,060. Mkulima hakupunguza palizi wala dawa ya kupulizia. Bei ilishuka katika soko la dunia, naye akabeba hasara ya soko asilolijua. Taifa linaloutegemea mkoa mmoja kiasi hiki kwa zao moja lingepaswa kuwa na namna ya kumkinga mkulima wake na mwaka mbaya.

Rekodi ya pili haitenganishwi na hiyo ya kwanza. Katika sensa ya 2012, Simiyu ilikuwa na kaya kubwa kuliko mkoa wowote nchini: wastani wa watu 6.9, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.8. Tulihesabiwa 1,584,157 mwaka huo. Sensa ya 2022 ikatukuta 2,140,497. Takwimu hii husomwa kwenye semina kama tatizo la uzazi wa mpango, na wanaosema hivyo wana hoja, maana akina mama ndio wanaolipa gharama kwa miili yao. Ila waje wakati wa kuchuma, waone ekari tano za pamba zinavyohitaji mikono. Ardhi inalimwa kwa jembe la ng'ombe na watu wa nyumbani. Watu saba hao hao ndio wanaokaa jioni kuzunguka ugali wa mtama na maziwa mgando, na kiangazi michembe ya viazi ikishachemshwa, hakuna anayebaki na njaa kama mavuno yalikuwa mazuri.

Siasa nayo ina kinara wake. Uchaguzi wa kwanza wa rais baada ya vyama vingi kurudi, 1995, ulikuwa na wagombea wanne tu, na mmoja wao alitoka Bariadi: John Momose Cheyo wa chama cha UDP, maarufu kama Bwana Mapesa. Alishika nafasi ya nne kwa asilimia 4 hivi ya kura. Baadaye akiwa mbunge aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali.

Linaloniumiza kuliko yote ni maji. Ziwa Victoria, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kilomita za mraba zipatazo 68,800, linagusa mkoa wetu pale Busega. Ukivuka kwenda Meatu, upande wa pili wa mkoa huo huo, kiangazi watu huchimba mashimo kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakasubiri maji yajikusanye, wakachota kwa kata. Ng'ombe nao wanasubiri zamu. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kuyatoa maji ziwani hadi wilaya zote tano, Ujerumani na serikali yetu zikichangia. Mpango ukaanza na Busega, Bariadi na Itilima; Maswa na Meatu zikawekwa awamu ya pili. Najua bomba hujengwa kuanzia kwenye chanzo. Hata hivyo Meatu, yenye kiu kuliko wote, haipaswi kusahaulika awamu ya kwanza ikishapigiwa makofi.

Nimeacha ngoma hadi sasa kwa sababu huku ndiko kwenye ushindani halisi. Mavuno yakiisha, kati ya Juni na Agosti, Bagika na Bagalu hukutana uwanjani. Ni vyama viwili vya wachezaji vilivyoanza karne ya 19, kimoja kikimfuata mwanzilishi wake Ngika na kingine Gumha. Hakuna jopo la majaji wala alama. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakovutiwa. Kundi moja likileta chatu, jingine huibuka na kinyago au mtindo mpya, na umati unakimbia kutoka huku kwenda kule, vumbi juu, wazee wakiwa mbele ya vijana. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wanatelevisheni wanaotafuta habari ya kinara waje Julai wakiwa na kamera mbili, moja kwa kila upande, kwa sababu ukitumia moja tu umati utakuwa umeshahama.