Shanta Mgongoni Katika Nchi ya Burma

Vijana wa kigeni tuwaonao Kampala, shanta mgongoni na fedha haba mfukoni, hupenda pia kuzunguka Asia ya Kusini-Mashariki. Askari wa Uganda walitangulia huko, wala hawakulipa nauli.

Katika Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake vilikuwamo vikosi vya Uganda vya King's African Rifles, cha 4 na cha 44, ilianza kushuka bonde la Kabaw, nchini Burma, ikiwafuatia Wajapani. Mvua ilikuwa haikatiki. Magari yalinasa topeni, na chakula kikaangushwa kwa ndege.

Lakini bonde lile liliogopwa zaidi kwa malaria. Dawa yake, mepakrini, ilikuwa chungu, na wapo waliokwepa kuimeza. Jenerali Slim hakuwalaumu askari wadogo. Aliwafukuza makamanda watatu wa vikosi ambavyo havikumeza. Sisi twaona alihukumu sawa.

Desemba 2 divisheni iliingia Kalewa, na siku chache baadaye daraja la futi 1,154 likakamilika juu ya mto Chindwin. Baadhi ya wenzao waliofia Burma wamezikwa Taukkyan, kaskazini ya Rangoon.