Wachezaji wa Kike wa Sinema ya Korea

Mara nyingi twaketi mbele ya sinema au televisheni, twacheka na kulia pamoja na wale tuwaonao, kisha taa zawashwa nasi twarudi nyumbani. Ni wachache waulizao: yule mama aliyetutoa machozi amepita njia gani hata akafika pale? Leo twapenda kuwasimulia habari za wachezaji wa kike wa Korea ya Kusini.

Tuanze na Choi Eun-hee, aliyezaliwa mwaka 1926. Alipendwa sana katika nchi yake. Mwezi wa Januari 1978 alikwenda Hong Kong, na huko watu wa Korea ya Kaskazini wakamteka wakamchukua kwao. Miezi michache baadaye walimkamata vilevile Shin Sang-ok, mtengeneza sinema aliyekuwa zamani mumewe. Kila mmoja aliwekwa mbali na mwenziwe hata mwaka 1983, ndipo wakakutanishwa, wakaamriwa kutengeneza sinema kwa kumpendeza Kim Jong-il. Choi alifanya kazi aliyolazimishwa, naye akaifanya vema: mwaka 1985 alipata huko Moscow zawadi ya mchezaji bora wa kike kwa sinema iitwayo «Chumvi». Mwaka 1986, walipokuwa Vienna, wote wawili waliwaponyoka walinzi wao wakakimbilia ubalozi wa Marekani. Alifariki mwaka 2018.

Wengine walipata sifa kwa njia iliyo nyofu zaidi. Kang Soo-yeon, aliyeanza kucheza tangu utoto, alipewa zawadi huko Venice mwaka 1987. Na Jeon Do-yeon alipewa ya Cannes mwaka 2007.

Lakini yule ambaye habari zake zatugusa kuliko wote ni Youn Yuh-jung. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Kaesong, ambao leo uko upande wa Kaskazini. Aliingia katika televisheni mwaka 1966, na sinema yake ya kwanza, ya mwaka 1971, ikamletea jina kubwa mara moja. Kisha aliolewa na mwimbaji mmoja, akahamia Marekani, akaacha mchezo. Huko alizaa wana wawili.

Miaka ya 1980 alirudi Korea, na ndoa ikavunjika. Katika nchi ile, siku zile, mke aliyeachana na mumewe alitazamwa vibaya, na wengi hawakutaka kumwona mtu wa namna hiyo katika televisheni. Je, angefanyaje? Wana walitaka chakula na karo ya shule. Basi yeye aliyekuwa nyota alipokea kila kazi aliyopewa, hata ndogo, bila kuchagua. Mwenyewe amesema wazi kwamba alicheza kwa kuwalisha watoto. Wako watakaosema kwamba mwenye ufundi hafanyi kazi kwa ajili ya fedha. Sisi twaona kwamba hao hawajalea watoto peke yao.

Miaka ikapita, wana wakakua, ndipo akaanza kuchagua kazi aipendayo. Katika sinema «Minari» ya mwaka 2020, iliyotengenezwa kwa fedha chache na Lee Isaac Chung, alikuwa bibi wa jamaa ya Wakorea waliohamia mashambani mwa Arkansas. Bibi yule hajui kupika vitumbua, acheza karata, atukana. Na mjukuu wake alalamika kwamba huyu si bibi wa kweli! Walakini ndiye apandaye mboga ya kwao kando ya kijito, nayo yasitawi. Tarehe 25 Aprili 2021, akiwa na miaka 73, Youn alipokea Oscar, wa kwanza katika wachezaji wote wa Korea. Mbele ya wakubwa wa sinema aliwashukuru wanawe wawili, kwa kuwa ndio waliomfanya atoke nyumbani kwenda kazini.

Wala hakupumzika. Mwaka 2022 alionekana tena katika televisheni, katika «Pachinko», akiwa bibi mzee aliyehamia Japani ujanani mwake, akawalea wanawe kwa kuuza kimchi sokoni.