MAFUTA YA INJINI KUUKUU: TUYAJUE KABLA YA KUYAMIMINA

Wanachama wetu wa vinu vya kusaga, wa mbao na wa mashamba hutuuliza mara kwa mara: injini hizi za zamani, zilizofungwa kwenye saruji tangu enzi za wazee wetu, zipewe mafuta gani, na mafuta hayo yawekwe wapi? Swali hili ni la maana sana, maana mafuta yakiharibika, anayetazamwa usoni kwanza ni mwendesha mashine.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina peke yake yanaweza kuua. Huku kwetu Bweyeye, kama ilivyo Kongo na Burundi, mtu akisema peteroli ana maana ya mafuta ya taa. Tanzania na Kenya petroli ni yale mafuta makali ya gari dogo, ambayo sisi tunayaita esansi au lisansi. Dizeli yao ndiyo mazutu yetu. Sasa fundi aliyejifunzia kazi Kigoma akimtuma kijana wa hapa akalete petroli, ataletewa mafuta ya taa. Na kijana wa hapa akiwa Kigoma akaomba petroli ya taa yake, anaweza kupewa esansi, na taa iliyotiwa esansi hulipuka. Kwa hiyo kila aina iwe na jerikani yake, iliyoandikwa jina kwa rangi, wala zisibadilishane hata siku moja.

Pili, itazameni injini yenyewe. Kama haina plagi, bali ina bomba jembamba la chuma kigumu linalotoka kwenye pampu hadi kwenye nozo, hiyo ni ya mazutu. Nyingi katika Afrika Mashariki ni Lister za Dursley, Uingereza, au zile zilizoigwa kwake na viwanda vya Rajkot, India. Ile ndogo ina nguvu ya farasi 6 na huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Ukiisikia kwa mbali unaweza kuhesabu mapigo yake. Kama ina plagi na kabureta, ni ya esansi. Na ikiwa ina matangi mawili, dogo na kubwa, basi huwashwa kwa esansi, na ikishapata moto hugeuziwa mafuta ya taa. Hiyo ina adabu yake: dakika chache kabla ya kuizima, irudisheni kwenye esansi, ili kabureta isibaki na mafuta ya taa, maana kesho itakataa kuwaka. Pia pimeni oili kila siku. Oili ikionekana kuongezeka na kunuka mafuta ya taa, maana yake yanapenya kwenye ringi. Imwagwe, itiwe mpya.

Wako wenye mali wanaochanganya mazutu na mafuta ya taa ili kupunguza gharama. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu, na pampu huliwa pole pole. Nchini Kenya mchezo huu ulikuwa mkubwa mpaka serikali, mwezi Septemba 2018, ikatoza mafuta ya taa ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha. Esansi ndani ya mazutu ni hatari zaidi, na hapo hatuna la kujadili.

Wengine husema mafuta ya siku hizi hayafai injini za kale. Ni kweli kwamba risasi iliondolewa katika esansi ya nchi zetu ifikapo Januari 2006, na kwamba tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mazutu yasizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Lakini injini ya mwendo wa pole isiyobebeshwa mzigo mkubwa haidhuriki sana kwa kukosa risasi, na mapafu yetu yamepata nafuu.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi, na hapa ndipo Bweyeye ina shida yake. Tuko ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, mvua hazituishi na usiku ni baridi. Enzi za barabara ya matope kutoka Pindura, mwenye kinu alijaza mapipa ya miezi mingi, na alikuwa na haki. Sasa kilomita hizo 32 zina lami, lakini desturi ya kulimbikiza imebaki. Pipa la nusu lina hewa. Usiku hewa hiyo hupoa na kutoa umande, maji yakashuka chini. Kati ya maji na mazutu huota utelezi mweusi unaoziba chujio. Pipa la lita 200 likisimamishwa nje, maji ya mvua hutuama juu ya vizibo, na pipa linapopoa huyanyonya ndani. Basi lilazwe juu ya magogo, chini ya paa, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia. Likishafika, litulie siku nzima kabla ya kuchota, na mafuta ya chini kabisa msiyatumie. Msiweke mazutu katika ndoo ya mabati, kwani zinki huyaharibu. Mazutu safi hukaa miezi 6 hata mwaka. Esansi baada ya miezi 3 huanza kuacha ulimbo kwenye kabureta, kwa hiyo nunueni kidogo kidogo.

Esansi isilale ndani ya chumba cha injini, sembuse chumba anacholala mlinzi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko. Pipa tupu ni baya kuliko lililojaa, asije mtu akalichomelea. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, bonde la Ruzizi upande wa Kongo, lori la mafuta lilipinduka. Wengine walikuwa wakichota, wengine wako ndani wakitazama mpira. Moto uliua zaidi ya watu 200.

Wala msivute mafuta kwa mdomo kwa mpira. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni huunguza. Aliyeyameza asitapishwe, apelekwe kituo cha afya upesi. Pampu ya mkono ni kazi ya mwajiri kuinunua; sheria ya kazi ya Rwanda namba 66 ya mwaka 2018 inamtaka alinde afya na usalama wa wafanyakazi.

Tumekwisha kuona mwenzetu akikatwa mshahara kwa nozo iliyoharibiwa na maji yaliyokuja ndani ya pipa. Hakuwa na ushahidi. Hivyo basi, pipa likifika, chukueni kidogo kutoka chini katika chupa nyeupe, mlitulize, mlitazame mbele ya aliyelileta. Maji yataonekana chini. Andikeni tarehe, lita, na hali ya mafuta, na aliyeleta atie sahihi. Daftari hilo likae kwa mwendesha mashine, si ofisini.