Mtoto Anapoanza Chuo Kikuu

Kila mwaka majina ya vijana waliochaguliwa kwenda chuo kikuu yanapotoka, kijijini huwa ni furaha. Jogoo anachinjwa, nauli inachangwa, kijana anapanda basi. Baada ya wiki tatu simu inalia. Kijana ana huzuni. Pengine anasema, “Baba, nataka kurudi.” Mzazi anachanganyikiwa. Huyu si ndiye aliyekuwa wa kwanza shuleni?

Wanakisomo wengi wameniuliza jambo hili. Nitalieleza kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile ambacho watu hukiita Mlimani.

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mjini, na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Ukumbi wake wa Nkrumah ndio ule uliochorwa katika noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Siku hizi wanafunzi ni makumi ya maelfu. Kwa hiyo mwanao hakwenda shule nyingine. Amehamia mji.

Shuleni kulikuwa na kengele. Mwalimu alimjua kwa jina, na asipofika darasani aliulizwa. Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri, yaani mwalimu wa chuo, anaingia katika ukumbi wenye mamia ya vijana. Anazungumza, halafu anaondoka. Mengine kijana ayatafute mwenyewe maktaba. Akilala mchana kutwa, hakuna wa kumwamsha.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wenyewe huona haya kulisema. Yule aliyekuwa wa kwanza wilayani kwake sasa amekaa na wa kwanza wa wilaya nyingine zote. Jaribio la kwanza linarudi, amepata alama ndogo ambazo hajawahi kupata maishani. Anaona labda hana akili. Si kweli. Ni wengi waliopata kama yeye, ila kila mmoja ameficha karatasi yake. Mzazi akianza kufoka hapo, “Nimeuza ng’ombe kwa ajili yako!”, kijana atafunga mdomo, na safari ijayo hutaambiwa lolote.

Alama zenyewe zinahesabiwa hivi. Kwa kawaida pale Mlimani, majaribio na kazi za muhula ni alama 40 katika 100. Mtihani wa mwisho wa muhula ni alama 60. Kwa hiyo jaribio moja baya haliui mwaka. Akishindwa somo, mara nyingi hupewa nafasi ya kurudia mtihani. Vijana huita “sapu”. Akishindwa masomo mengi kupita kiasi ndipo huondolewa, nao husema “amedisko”. Ukisikia maneno hayo kwenye simu, sasa unayajua.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Si kila kijana hupata mkopo, na si kila anayepata hupewa wote. Fedha ya ada huenda chuoni. Fedha ya chakula na malazi hupewa kijana mwenyewe, nao huiita “bumu”. Haiji kila siku. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo wa kwanza hauji mpaka awe amejiandikisha. Ndiyo maana ni lazima aondoke nyumbani na fedha ya wiki za kwanza.

Bumu ni kama malipo ya pamba. Siku ya kwanza mkulima ni tajiri. Tuseme kijana amepata shilingi 480,000 za siku 60. Chukua kalamu ugawe. Ni shilingi 8,000 kwa siku. Sasa tuseme ameona wenzake wana simu nzuri, naye akanunua ya shilingi 240,000. Zimebaki 240,000. Gawa tena kwa 60. Ni shilingi 4,000 kwa siku, chakula, nauli ya daladala na karatasi za kutoa nakala zote humo humo. Fanyeni hesabu hii pamoja kabla hajaondoka. Na ajue kuwa fedha hii ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka liishe.

Vyumba navyo ni tatizo. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, lakini bado havitoshi. Wengine hupanga chumba mtaani. Wengine hulala wawili kitanda kimoja, huko wanaita “kubebana”. Binti aliyekosa chumba na fedha hukutana haraka na mtu mzima wa kumsaidia, na msaada huo una bei yake. Mama, zungumza naye waziwazi kabla hajasafiri. Kama anayemsumbua ni mhadhiri, aende kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia. Kuuliza si ujinga, na kushtaki si utovu wa adabu.

Ukimpigia simu, usianze na alama. Muulize amekula nini, analala wapi, amepata rafiki gani. Kijana anayejibu maneno mawili tu wiki nyingi mfululizo, mtafutie ndugu aliye karibu akamwone kwa macho.

Mwisho, usimhesabu katika nguvu kazi ya shamba kama zamani. Masomo huanza Oktoba au Novemba, na muhula wa pili huisha karibu Julai. Baada ya hapo wengi hupelekwa wiki kadhaa kujifunza kazi maofisini, viwandani au mashuleni. Huenda ukamwona Septemba, tena kwa siku chache.